William Sanders Scarborough na Sarufi ya Kiyunani: Maisha na Kazi ya Mwalimu wa Lugha za Kale, 1852–1926

Utangulizi

Mwaka 1881 kampuni ya A. S. Barnes ya New York ilichapisha kitabu kidogo cha kuwafundisha Kiyunani cha kale wanafunzi wanaoanza. Kwa sura yake ya nje kitabu hicho hakikuwa na jambo la kushangaza. Kilikuwa na masomo ya sarufi, mazoezi ya kufasiri, matini fupi za kusoma na orodha za maneno, kama vilivyokuwa vitabu vingi vya kiada vya wakati huo. Jambo la pekee lilikuwa katika jina la mwandishi. William Sanders Scarborough, profesa wa Chuo Kikuu cha Wilberforce katika jimbo la Ohio, alikuwa amezaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia miaka 29 tu kabla ya hapo.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi ya mwalimu huyo. Jina lake hutajwa mara nyingi kama jibu kwa tusi lililotolewa dhidi ya watu weusi, kisha maelezo yakaishia hapo. Kumtaja hivyo si kosa, lakini hakutoshi. Scarborough alikuwa mwalimu wa sarufi, mtafiti wa matini na msimamizi wa chuo, na kazi hizo zinastahili kupimwa kwa vipimo vya taaluma yenyewe. Aidha, maisha yake yanazua swali linalomhusu kila mwalimu wa lugha: je, mtu anapotakiwa kuthibitisha utu wake kwa kuijua lugha ya wengine, akaijua kweli, mtihani huo huwa umekwisha?

Mtihani wa Calhoun

John C. Calhoun wa South Carolina, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1825 hadi 1832, alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa utumwa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 alitamka kuwa akipatikana mtu mweusi anayeijua sintaksia ya Kiyunani, hapo ndipo atakapoamini kuwa mtu mweusi ni binadamu. Habari hiyo ilihifadhiwa na Alexander Crummell, kasisi na mwanachuoni mweusi, ambaye katika ujana wake alisimuliwa mazungumzo hayo mjini New York. Crummell mwenyewe alikwenda Uingereza, akasoma katika Queens' College, Cambridge, akapata shahada mwaka 1853, kisha akafanya kazi nchini Liberia kwa muda wa miaka ipatayo 20.

Ili kufahamu uzito wa maneno hayo hapana budi kukumbuka nafasi ya Kiyunani katika elimu ya Marekani wakati huo. Vyuo vikuu vyenye sifa viliwataka vijana waoneshe ujuzi wa Kilatini na Kiyunani kabla ya kukubaliwa. Lugha hizo mbili zilikuwa lango la kuingilia katika uwakili, ukasisi na uongozi wa nchi. Calhoun mwenyewe alipitia lango hilo katika chuo cha Yale, alikohitimu mwaka 1804. Kwa hiyo hakuchagua Kiyunani kwa bahati. Alichagua elimu ambayo sheria na desturi za nchi yake zilimzuia mtu mweusi kuifikia, kisha akaufanya upungufu huo kuwa ushahidi wa upungufu wa akili. Mtu amefungwa miguu halafu anaulizwa kwa nini hakimbii.

Isitoshe, mtihani huo ulikuwa umekwisha kujibiwa kabla haujatungwa. Katika karne ya 16, Juan Latino, mtu mweusi aliyekulia utumwani, alifundisha Kilatini mjini Granada, Hispania, na mashairi yake ya Kilatini yalichapishwa huko mwaka 1573. Katika karne ya 18, Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika falsafa kwa Kilatini na kufundisha katika vyuo vya Halle na Jena nchini Ujerumani. Ushahidi ulikuwapo, waliokosekana ni watu wa kuutazama.

Calhoun alifariki mwaka 1850. Scarborough alizaliwa miaka miwili baadaye.

Malezi na masomo

Scarborough alizaliwa tarehe 16 Februari 1852 katika mji wa Macon, Georgia. Baba yake, Jeremiah Scarborough, alikuwa mtu huru aliyefanya kazi katika shirika la reli. Mama yake, Frances Gwynn, alikuwa mtumwa, ingawa aliruhusiwa kukaa na mumewe katika nyumba yao wenyewe. Kwa mujibu wa sheria za utumwa mtoto alifuata hali ya mamaye, wala uhuru wa baba haukumsaidia kitu. Hivyo kijana William alikuwa mtumwa kisheria hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865, naye akiwa na umri wa miaka 13.

Tangu mwaka 1829 sheria ya Georgia iliharamisha kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Pamoja na hayo, Scarborough alijifunza kusoma kwa siri. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo jirani mmoja Mzungu aliyekuwa tayari kuivunja sheria hiyo. Mtoto alitoka nyumbani kana kwamba anakwenda kucheza, na kitabu chake amekificha. Wakati huo huo alifundishwa ushonaji wa viatu. Mambo haya mawili, ufundi wa mkono na elimu ya kitabu, yalikuja kugombanishwa sana katika mijadala ya watu wazima, lakini katika utoto wake yalikaa pamoja bila ugomvi.

Baada ya vita alisoma katika Lewis High School mjini Macon, shule iliyofunguliwa na wamisionari kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Kuanzia 1869 hadi 1871 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Atlanta. Kutoka huko alihamia Oberlin, Ohio, chuo kilichokuwa kimeanza kuwapokea wanafunzi weusi tangu 1835. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1875, na mwaka 1878 chuo hicho hicho kikampa shahada ya uzamili. Ikihesabiwa tangu siku ya uhuru hadi siku ya kuhitimu, ni miaka kumi tu.

Alirudi Macon kufundisha Kilatini, Kiyunani na hisabati katika shule iliyomlea. Kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1876 jengo la shule liliteketezwa kwa moto na watu wenye nia mbaya. Mwaka uliofuata majeshi ya serikali kuu yaliacha kulinda serikali za majimbo ya Kusini, na matumaini ya watu weusi ya kushiriki katika utawala yakaanza kuzimwa moja baada ya jingine. Scarborough alikaa kwa muda mfupi katika chuo kimoja cha South Carolina, na mwaka huo huo wa 1877 akaitwa Wilberforce kuwa profesa wa Kilatini na Kiyunani.

Katika shule ya Macon alikuwa amefahamiana na mwalimu mwenzake, Sarah Cordelia Bierce, mwanamke Mzungu kutoka jimbo la New York aliyesomea ualimu katika chuo cha Oswego. Walioana mjini New York mwaka 1881. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa marufuku katika jimbo la Georgia. Bibi Scarborough naye alifundisha Wilberforce kwa miaka mingi, akiwafunza waliotaka kuwa walimu, na kwa kalamu yake alichangia riziki ya nyumba kila mapato ya mumewe yalipopungua.

Kitabu cha 1881

Kitabu kilichotajwa mwanzoni mwa makala haya kiliitwa kwa Kiingereza *First Lessons in Greek*, yaani Masomo ya Kwanza ya Kiyunani. Kinatambuliwa kuwa kitabu cha kiada cha kwanza cha lugha hiyo kuandikwa na Mmarekani mweusi. Kiligawanywa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya masomo ya sarufi yaliyopangwa hatua kwa hatua pamoja na mazoezi yake. Sehemu ya pili ilikuwa na vifungu vya kusoma vilivyoteuliwa kutoka katika maandishi ya Xenophon, hasa masimulizi ya safari ya askari wa Kiyunani waliokodiwa kwenda Uajemi. Masimulizi hayo ndiyo yaliyokuwa matini ya kwanza ya wanafunzi wengi wa Kiyunani, kwa kuwa sentensi zake ni nyepesi na habari zake ni za kusisimua.

Jambo muhimu kwa historia ya ufundishaji ni kwamba kitabu kilitungwa kufuatana na sarufi mbili zilizoheshimiwa kuliko zote nchini Marekani wakati huo: ile ya William Watson Goodwin wa Harvard na ile ya James Hadley wa Yale. Somo la Scarborough lilimfungulia mlango mwanafunzi, kisha likamwelekeza kwenye sarufi hizo kubwa. Maana yake ni kwamba kijana wa Wilberforce, ambaye huenda wazazi wake walizaliwa utumwani, alisoma kanuni zile zile alizosoma kijana wa Harvard. Scarborough hakutayarisha Kiyunani cha daraja la pili kwa ajili ya watu weusi. Alitayarisha njia ya kukifikia Kiyunani kile kile.

Jambo la pili ni ukimya wa kitabu chenyewe juu ya mtungaji wake. Mafunzo yake hayamtetei mtu mweusi wala hayamjibu Calhoun. Yanashughulikia ngeli za nomino, nyakati za vitenzi na upatanisho wa kisarufi. Msomaji asiyemjua mwandishi angeweza kukitumia tangu mwanzo hadi mwisho bila kufahamu rangi ya ngozi yake. Ukimya huo unaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, kwani sarufi ikishaandikwa sawasawa haihitaji kuomba radhi wala kujigamba.

Mtafiti wa matini

Mwaka 1882 Scarborough alipokelewa kuwa mwanachama wa Chama cha Wanafilolojia wa Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1869. Kabla yake watu weusi wawili walikuwa wamekwisha kuingia: Richard T. Greener, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza Harvard, aliyejiunga mwaka 1875, na Edward Wilmot Blyden wa Liberia, aliyejiunga mwaka 1880. Mwaka 1884 Scarborough alijiunga pia na Chama cha Lugha za Kisasa, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka uliotangulia, akawa mwanachama wake wa kwanza mweusi. Katika chama cha wanafilolojia hakuwa mwanachama wa jina tu. Kwa miaka mingi alihudhuria mikutano na kusoma makala zake mbele ya wataalamu.

Makala ya mwaka 1884 ilihusu nadharia na kazi ya irabu ya shina katika kitenzi cha Kiyunani. Suala hilo linaweza kufafanuliwa kwa mifano miepesi. Katika neno *luomen*, lenye maana ya "tunafungua", mzizi ni *lu-*, kiambishi cha nafsi ni *-men*, na katikati yake imekaa irabu *-o-*. Katika neno *luete*, yaani "mnafungua", irabu hiyo imegeuka kuwa *-e-*. Irabu ya kati hubadilika kulingana na sauti inayoifuata: mbele ya *m* au *n* huwa *o*, na mahali pengine kwa kawaida huwa *e*. Tena, irabu hiyo hiyo ikirefushwa, kitenzi huacha kutaja tendo kama jambo lililo hakika, kikaingia katika hali ya tegemezi.

Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kuuona uzito wa swali hilo. Naye anajua kwamba tofauti kati ya *tunasoma*, *tusome* na *hatusomi* inabebwa kwa sehemu na irabu moja ya mwisho. Lugha hizi mbili hazina nasaba, wala mifumo yake hailingani, maana irabu ya Kiyunani hukaa kabla ya kiambishi cha nafsi na ile ya Kiswahili hukaa mwisho wa neno. Hata hivyo swali la mtaalamu ni la aina moja: irabu ndogo kama hiyo ina kazi gani, na kazi hiyo ni ya sauti au ni ya maana?

Mwaka 1886 Scarborough alichapisha kijitabu juu ya namna ya kuufasiri mchezo wa Ndege wa Aristophanes, tamthilia iliyooneshwa Athens mwaka 414 kabla ya Kristo. Mwaka huo huo alizungumzia majaaliwa katika tungo za Homer na Virgil. Mwaka 1887 alishughulikia neno moja tu katika maandishi ya Kaisari juu ya vita vya Gaul, nalo ni *ancipiti*. Asili ya neno hilo ni "-enye vichwa viwili". Likitumika juu ya vita laweza kumaanisha vita vya pande mbili, au vita ambavyo mshindi wake bado hajulikani. Mfasiri hana budi kuchagua, na uchaguzi wake hubadilisha picha ya uwanja mzima wa mapambano. Baadaye, mwaka 1898, alilinganisha Iphigenia wa Euripides na yule wa Racine, mshairi wa Ufaransa.

Kutokana na mifano hii imedhihirika kwamba Scarborough alikuwa na upana usio wa kawaida. Alitoka katika umbo la kitenzi hadi maana ya neno moja, na kutoka hapo hadi ulinganishaji wa tamthilia za lugha mbili. Haya yote aliyafanya akiwa na mzigo mkubwa wa vipindi, katika chuo kichanga na chenye fedha chache.

Misukosuko ya Wilberforce

Wilberforce kiliasisiwa mwaka 1856, na mwaka 1863 kikachukuliwa na Kanisa la Kimethodisti la Kiafrika la Episkopo chini ya uongozi wa Askofu Daniel Payne. Kilikuwa chuo cha watu weusi kilichoongozwa na watu weusi wenyewe, jambo lililokuwa nadra. Lakini kama ilivyo kwa taasisi nyingi, humo nako mlikuwa na siasa za ndani na ushindani wa vyeo.

Aidha, mwelekeo wa elimu ulikuwa unageuka. Mwaka ule ule wa 1881 kilipochapishwa kitabu cha Scarborough, Booker T. Washington alifungua shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, iliyotilia mkazo kilimo na ufundi. Katika miaka iliyofuata wafadhili wengi waliuona mkazo huo kuwa ndio uwafaao watu weusi, na fedha zikafuata. Mwaka 1887 serikali ya jimbo la Ohio ilianzisha ndani ya Wilberforce idara ya ualimu na ufundi iliyogharimiwa na jimbo. Mwalimu wa Kiyunani alijikuta akitakiwa kueleza faida ya somo ambalo halichongi meza wala halilimi shamba.

Mwaka 1892 Scarborough aliondolewa katika kiti chake cha Kilatini na Kiyunani. Alihamishiwa chuo cha thiolojia kilichokuwa hapo hapo, kilichopewa jina la Askofu Payne, afundishe Kiyunani cha Agano Jipya bila mshahara wa uhakika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye aliyecheza kwao hakutunzwa. Katika miaka hiyo ya dhiki mapato ya mkewe ndiyo yaliyoisimamisha nyumba. Mwaka 1894 kijana msomi aliyetoka masomoni Berlin aliajiriwa Wilberforce kufundisha Kilatini na Kiyunani. Kijana huyo alikuwa W. E. B. Du Bois, ambaye alikaa hapo hadi 1896.

Scarborough alirudishwa katika nafasi yake ya zamani mwaka 1897, na mwaka 1908 akateuliwa kuwa rais wa chuo, wadhifa alioushika hadi 1920. Katika makala aliyoitoa mwaka 1898 katika jarida la *Forum* alipinga rai kwamba msomi mweusi hana haki ya kutazamia zaidi ya kazi za utumishi wa chini. Hakuudharau ufundi, kwani yeye mwenyewe alifunzwa kushona viatu. Alichokataa ni mtu mwingine kumkatia mtu mweusi mpaka wa akili yake kabla hajajaribiwa.

Heshima na kizuizi

Mwaka 1892, mwaka ule ule wa kuondolewa katika kiti chake, Chama cha Wanafilolojia kilikutana katika Chuo Kikuu cha Virginia. Chuo hicho kiliasisiwa na Thomas Jefferson, ambaye katika kitabu chake juu ya jimbo hilo aliandika kuwa haelekei kupatikana mtu mweusi mwenye uwezo wa kuzifuata hoja za Euclid. Katika chuo hicho Scarborough alisimama mbele ya wataalamu wa Kusini na Kaskazini akasoma makala juu ya Plato. Hii ilikuwa heshima, na wenzake wengi walimpa heshima hiyo kwa moyo mweupe.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1909, chama hicho hicho kilikutana mjini Baltimore. Wakati huo Scarborough alikuwa rais wa chuo kikuu na mwanachama wa miaka 27. Hoteli iliyotayarisha karamu ya wanachama ilikataa kuwahudumia ikiwa yeye atakuwamo. Scarborough hakuhudhuria.

Hapa ndipo swali lililoulizwa katika utangulizi linapopata jibu lake. Mwenye kuweka mtihani alisema: jua Kiyunani, nami nitakukiri kuwa mtu. Scarborough alikijua Kiyunani, akakifundisha, akakiandikia kitabu, akakitafiti mbele ya wataalamu, na bado mwisho wake akanyimwa kiti mezani. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini? Ushahidi wa 1881 haukuhesabiwa mwaka 1909. Hilo linaonesha kwamba kizuizi hakikuwa cha elimu tangu awali. Kama kingekuwa cha elimu, elimu ingekiondoa.

Lakini ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kazi yake ilikuwa bure. Scarborough hakukisoma Kiyunani ili Calhoun aridhike. Alikisoma kwa sababu alikipenda na kukiona kuwa ni mali ya kila mwenye akili ya kukifuata. Wanafunzi wake hawakupokea hoja ya kujitetea, walipokea sarufi.

Lugha na bara la Afrika

Fikra za Scarborough hazikuishia Athens na Roma. Alizishughulikia hadithi na lahaja za watu weusi wa Marekani, na mwaka 1896 aliwasilisha katika Chama cha Wanafilolojia maelezo juu ya kazi ya lugha za kisasa katika Afrika. Kwamba suala la lugha barani Afrika liliingizwa katika kumbukumbu za chama hicho katika karne ya 19, tena na mtu aliyezaliwa utumwani, ni jambo linalostahili kukumbukwa na idara za lugha za Afrika.

Katika suala hili ni vyema kumlinganisha na Blyden. Huyo aliteuliwa kuwa profesa wa lugha za kale katika Chuo cha Liberia mwanzoni mwa miaka ya 1860. Katika hotuba yake ya mwaka 1881, alipoingia katika urais wa chuo hicho, alitetea ufundishaji wa Kiyunani na Kilatini, na papo hapo akataka Kiarabu na lugha za wenyeji zifundishwe. Kwa mtazamo wa Blyden mambo hayo hayakupingana. Mwalimu aliyezama katika sarufi ya lugha moja ya kale angeweza kuiona sarufi iliyomo katika lugha za jirani zake, ambazo wengine waliziita lugha zisizo na kanuni.

Miaka ya mwisho na kumbukumbu

Baada ya kuacha urais wa Wilberforce mwaka 1920, Scarborough alipewa kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1921, wakati wa Rais Warren Harding. Huko alichunguza hali ya wakulima weusi, na mwaka 1926 wizara ilichapisha taarifa yake juu ya umiliki na ukodishaji wa mashamba miongoni mwa wakulima hao katika wilaya ya Southampton, Virginia. Alifariki tarehe 9 Septemba 1926, akiwa na umri wa miaka 74.

Aliacha mswada wa tawasifu ambao haukupata mchapishaji kwa muda mrefu. Ulichapishwa mwaka 2005, miaka 79 baada ya kifo chake, kwa juhudi za mtaalamu wa lugha za kale, Michele Valerie Ronnick. Mwaka 2001 Chama cha Lugha za Kisasa kilianzisha tuzo yenye jina la Scarborough kwa ajili ya vitabu bora juu ya fasihi na utamaduni wa Wamarekani weusi. Mwaka 2019 kitabu chake cha Kiyunani kilitolewa tena kama kilivyochapishwa mwaka 1881.

Hitimisho

Maisha ya Scarborough yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumfanya shahidi katika kesi iliyofunguliwa na wengine. Njia hiyo ina ukweli, lakini humwacha Calhoun akiwa hakimu hata baada ya kufa. Njia ya pili ni kumsoma kama alivyotaka asomwe na wanachama wenzake: mtaalamu anayeuliza kwa nini irabu hugeuka, neno la Kaisari lina maana gani, na mwanafunzi aanzie wapi.

Kwa walimu wa lugha njia hii ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi. Lugha yoyote, iwe Kiyunani, Kiarabu au Kiswahili, ikifanywa kipimo cha utu huharibika pamoja na wale wanaopimwa kwayo. Ikifundishwa kama mali ya wote, hata kitabu kidogo cha masomo ya kwanza chaweza kudumu kuliko tusi lililoonekana kukitangulia.